Ngoma ya Kikaushio cha Mama Rozália

Jolán Csatári alizaliwa na hasira zake, na sijasikia mtu wa mji wetu akibisha. Kiwandani walimwita Radi. Miaka ishirini na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha mashine za kufulia ng'ambo ya mto Tisza, na katika miaka hiyo aliwatolea uvivu wasimamizi sita, akaachana na mume mmoja, na hakuruhusu ngoma hata moja mbovu ipite mkononi mwake. Kazi yake ilikuwa kusawazisha. Ngoma ya kikaushio, lile pipa dogo la bati lenye vitundu linalozungusha nguo kwa kasi mpaka maji yakatoka, ikiwa nzito upande mmoja hata kwa uzito wa kifungo cha shati, basi mashine itarukaruka na kutembea nyumba nzima kama mlevi. Jolán alikuwa anaizungusha, anaisogezea chaki taratibu, chaki inagusa pale inapotoka nje, kisha anachomelea kibati upande wa pili. Halafu anagonga namba yake juu ya kibati: kumi na saba.

Kiwanda kikauzwa. Wafanyakazi wakapewa keki na mkono wa kwaheri, na Jolán akarudi kwenye fleti yake ya ghorofa ya tatu. Alistaafu yeye. Hasira hazikustaafu.

Mwaka ninaoueleza alikuwa na miaka sitini na sita, na hasira zake zilikuwa na jina. Ziliitwa Ottó, mdogo wake wa tumbo moja.

Mambo yalianza Januari. Mama yao, Rozália, mwenye miaka themanini na minane, aliishi peke yake kwenye nyumba ileile aliyoletwa alipoolewa, mtaa wa nyuma ya kanisa la Waprotestanti. Mikono ilikuwa imeisha nguvu, lakini alikuwa anafua mwenyewe kwenye beseni jikoni. Kufua aliweza. Kukamua ndiko kulikomshinda, kwa hiyo mashuka alikuwa anayatundika yakiwa yanachuruzika, na maji yanajaa sakafuni. Asubuhi moja aliteleza kwenye maji hayo akavunjika kifundo cha mkono. Plasta haijakauka vizuri, Ottó tayari amekwisha kuandikisha jina la mama kwenye orodha ya nyumba ya wazee iliyoko mjini.

"Chumba kitapatikana Julai," alimwambia Jolán kwenye simu, utadhani amemtafutia mama likizo ziwani. "Kabla ya hapo muuguzi wa mtaa atakuja kumkagua. Akiandika kwamba hawezi kujihudumia, basi, mambo yamekwisha."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni nyumba tu, dada. Itauzwa. Kwani ilindwe na kuku?"

Jolán alikata simu kwa nguvu mpaka kidole kikamuuma.

Maana ukweli ni kwamba Rozália alikuwa anajiweza. Supu anapika, tambi anakata kwa kisu chake mwenyewe, dawa anakumbuka kuliko hata daktari. Tatizo lilikuwa nguo peke yake. Usiku mkojo ulikuwa unamponyoka, mambo ya uzee, hakuna wa kumlaumu. Lakini mashuka hayo hakumpa mtu. Alikuwa anayaficha. Jolán aliwahi kukuta moja ndani ya oveni, limekunjwa vizuri kama keki inayosubiri moto, na jingine chini ya gunia la viazi. Nyumba ikaanza kutoa harufu, na harufu ndiyo kitu cha kwanza muuguzi angeiandika.

Ottó alikuwa amekwisha kumnunulia mashine mpya, ile inayojifanyia kila kitu. Rozália alipanga juu yake chupa za jamu ya plamu, akaiacha hivyo.

"Inazifungia nguo zangu ndani kama mahabusu," alisema. "Saa mbili nzima! Nikigundua soksi imo, siwezi kuitoa. Yenyewe inanitazama kwa taa yake nyekundu. Mimi sitaki kutazamwa na mashine. Nataka mashine yangu ile ndogo."

"Mama, ile ina miaka arobaini."

"Na mimi nina mingapi?"

Basi Jolán akaenda kwenye jiko la nje, akaondoa magunia, na ile mashine akaikuta imejaa mahindi ya kuku. Ilikuwa mashine ndogo ya mraba, urefu wa kiuno, unaijazia maji ya moto kwa ndoo, na chini kuna kisahani kinachozungusha nguo huku na huku. Hakuna mlango wa kufunga, hakuna taa. Kando yake kilikuwa kikaushio chake, juu kimewekwa chungu cha maua ya jeraniamu. Vyote viwili Jolán alimnunulia mama yake kiwandani kwa bei ya mfanyakazi, na ngoma ya kikaushio aliisawazisha kwa mkono wake.

Alimwaga mahindi, akafukuza familia ya panya, akaanza kazi. Mkanda ulikuwa umekauka ukavunjika alipougusa. Sili, ule mpira wa kuzuia maji chini ya kisahani, ilikuwa imekwisha, ukitia maji yanakukimbilia miguuni. Mota ilikuwa nzima, iliyokufa ni kapasita tu, kile kikopo kinachotunza umeme, na Jolán hakuigusa kwanza bila kuipiga shoti kwa bisibisi, maana kapasita hata ikilala miaka kumi inaweza kukutupa ukutani. Pembe moja ya bodi ilikuwa imeliwa na kutu. Aliikata, akachomelea bati jipya, akapiga msasa, akapaka rangi nyeupe mara tatu, na kila mara alilaani jina la Ottó kwa namna mpya. Mpaka Aprili mashine ilikuwa inazunguka. Ilikuwa inanguruma kidogo, lakini hata yeye Jolán ananguruma.

Kisha akafungua kifuniko cha kikaushio. Mota ipo, springi tatu zipo, nati ipo. Ngoma haipo.

Alimpigia Ottó palepale, mikono ina grisi.

"Ottó, ngoma ya kikaushio cha Mama iko wapi?"

"Ngoma gani?"

"Usinifanye mjinga. Nimefungua humu nimekuta nati na buibui."

"Ah, ile! Iliota kutu, dada. Niliitupa siku ya makorokoro, mwaka gani vile, sikumbuki."

"Ile ni chuma cha pua. Haioti kutu hata ukiizika."

"Basi haikuota kutu. Niliitupa tu. Nikamatwe?"

Siku ya makorokoro ndiyo ile siku moja ya mwaka ambayo kila nyumba hutoa vikorokoro vyake barabarani, na lori la manispaa hupita kuvizoa. Kitu kikishakaa pembeni mwa barabara hakina mwenyewe. Jolán alijua kwamba ngoma iliyotupwa huko imekwenda, lakini alijua pia kwamba yanayomtoka mmoja humfikia mwingine. Mwezi wa Mei siku hiyo ilipofika alidamka, akapita mitaa minne na mkokoteni. Alikuta ngoma za zile mashine kubwa, na kila rundo lina mlinzi wake amekaa kwenye kiti kilichovunjika, anakunywa kahawa ya chupa.

"Mama, hili ni langu," mmoja akamwambia.

"Lako umelizaa?"

"Nimelala nalo tangu jana."

"Basi endelea kulilalia, mpaka uangue vifaranga," Jolán akamjibu, akaondoka mikono mitupu.

Ndipo alipoanza kuchungulia kwenye bustani za watu, na alichokiona huko kilimkata maini. Sisi watu wa tambarare tuna ugonjwa wetu. Tukiona ngoma ya mashine ya kufulia hatuoni nguo, tunaona moto. Ina vitundu, hewa inapita, haiyeyuki: tunaifunga miguu mitatu, tunaweka kuni, tunachoma nyama. Jolán alihesabu ngoma kumi na moja kwenye nyua za watu, zote nyeusi kwa masizi. Saba kati ya hizo zilikuwa na kibati chenye namba kumi na saba. Kazi yake ya maisha, jamani, inachomewa soseji!

Alibisha hodi kila mlango. Wa kwanza akamcheka. "Nikupe ngoma, nyama nichomee kwenye kiganja?" Wa pili akasema alipewa na marehemu kaka yake, haitoki. Mzee mmoja wa kitongoji cha pili, mfuga nyuki, alikuwa na ngoma safi kabisa, haijaona moto, lakini alikuwa anakamulia asali. "Hii haitoki hapa mpaka nyuki wangu wote wahamie Romania," alisema, akafunga mlango. Mei ikaisha, Juni ikaisha. Mashine ilikuwa inafua, lakini nguo zilitoka zinachuruzika kama zamani, na muuguzi alikwisha kutuma barua kwamba atakuja Alhamisi ya tarehe kumi na mbili Julai.

Tarehe mbili Julai ni sikukuu ya jina la Ottó, siku ambayo kalenda inawasherehekea wote wenye jina hilo. Kwetu huwezi kukosa sikukuu ya jina la ndugu yako, hata kama unatamani kumnyonga. Jolán alimvalisha mama gauni la bluu, wakaenda.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wifi yake, Tünde, alikuwa anapita na sinia la vitunguu na pilipili. Watu wamezunguka moto, kila mmoja na kijiti chake, kwenye ncha kipande cha mafuta ya nguruwe, na mafuta yakianza kudondoka wanayadondoshea kwenye mkate. Ottó alikuwa amevaa aproni ya kitoto yenye picha ya nguruwe. Alimbusu mama, akamkalisha kivulini, akamletea Jolán kijiti.

"Choma, dada. Leo hakuna ugomvi."

Miaka mingine Jolán alikuwa anakaa mezani na mama; safari hii akainamia moto. Moto ulikuwa ndani ya ngoma ndogo ya chuma cha pua. Karibu na ukingo, chini ya masizi, palikuwa na kibati. Hicho hakikuchomelewa kimesimama kama vingine. Kiliwekwa kimelala, kwa sababu siku ile alipoisawazisha mashine ya kuchomelea ilikuwa na hitilafu na yeye aliapa kwamba ngoma ya mama yake haitapita bila kusawazishwa sawasawa. Alikifuta kwa ncha ya kijiti. Kumi na saba.

"Ottó," alisema.

"Naam?"

"Hii umeitoa wapi?"

"Ipi? Meko yangu? Ina miaka sita hapo."

"Uliniambia umeitupa."

Ottó akatazama moto, akatazama watu, akacheka. "Si nimeitupa? Nimeitupa huku kwangu."

Watu wakacheka. Kosa kubwa! Laiti wasingecheka.

Juu ya meza palikuwa na chupa kubwa ya maji ya soda, ile ya kubana mdomo. Jolán aliinyakua, akaielekeza kwenye moto, akabana. Mvuke ukapanda, majivu yakaruka, mafuta ya nguruwe yakaruka, Tünde akapiga kelele, na kwenye aproni ya Ottó yule nguruwe akawa wa kijivu.

"Wewe una wazimu!" Ottó akafoka.

"Ninao! Miezi mitatu nahangaika, nagombana na wazoa taka, nafukuzwa milangoni, nawe unajua iko hapa unachomea nyama! Unajua! Ulikuwa unangoja tarehe ifike, sivyo? Mama asiwe na ngoma, shuka lisikauke, muuguzi akunje pua, wewe uuze nyumba. Kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

"Sikujua kama ni hii! Ngoma ni ngoma!"

"Thubutu! Uliifungua kwa mkono wako kwenye kikaushio cha mama yako!"

"Alikuwa haitumii!"

"Wifi, hasira hasara," Tünde akasema. "Watoto wanatazama."

"Watazame! Wamwone baba yao."

Hapo Ottó naye akapandwa. Aliweka koleo chini akasogea karibu, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo kwa Ottó ni baya kuliko makelele.

"Haya, mimi mbaya. Mimi nataka nyumba, mimi mwizi wa ngoma. Lakini nikuulize kitu, dada. Wewe ndiye binti. Unakaa dakika kumi na mbili kutoka kwake, una mashine nzuri fletini, zamani kila Jumamosi ulikuwa unabeba nguo zake. Mbona hakupi tena? Mbona anazificha kwenye oveni hata wewe usizione?"

"Anaona haya."

"Kwako? Ulimtoka tumboni."

Jolán akavua sweta, akaizungushia mikono, akainyanyua ngoma ikiwa bado ina moto, akamwaga makaa kwenye nyasi za Ottó alizozikata kwa mkasi siku hiyohiyo.

Rozália wakati wote alikuwa anakula mkate wake kivulini. Alipomaliza, akapangusa midomo.

"Nirudisheni nyumbani," alisema. "Na mkate ulikuwa na chumvi nyingi."

Zilibaki siku tisa. Jolán alihamia jiko la nje la mama yake, na majirani waliohesabu matusi yaliyotoka humo wanasema hawajawahi kusikia mengine kama hayo tangu kiwanda kifungwe. Alikata miguu aliyofunga Ottó, akaziba matundu ya bolti kwa ribiti, vile vipini vifupi vya kugongea bati. Alisugua masizi kwa brashi ya waya, kwa siki, kwa majivu yaleyale, mpaka chuma kikaanza kuonekana. Lakini miaka sita ya moto si mchezo. Ngoma ilikuwa imepinda. Ukiitazama huoni kitu, ukiizungusha kwa kidole inaonekana inayumba, unene wa ukucha.

Mara ya kwanza alipoiwasha, kikaushio kiliruka kutoka mahali pake, kikavuka uwanja kikiburuta waya, kikagonga banda la kuku. Kuku wakapiga kelele, Jolán akapiga kelele zaidi. Rozália akafungua dirisha.

"Ina haraka," alisema.

"Mama, funga dirisha!"

Aliigonga kwa nyundo ya mpira juu ya gogo, akaizungusha, akasogeza chaki. Akachukua udongo wa kuchezea wa watoto, akabandika vipande vidogo upande wa pili, akazungusha tena. Kipande kikipeperuka kinampiga kifuani. Akakitafuta kwenye nyasi, akakibandika tena. Kila ribiti aliyoitia ilikuwa na uzito wake, na kila uzito ulidai mwenzake. Kiwandani alikuwa anamaliza ngoma moja kwa dakika nne. Hii ilimchukua siku saba. Hakulala vizuri hata siku moja. Kila alipofumba macho alimsikia Ottó akisema "mbona hakupi tena", na kila mara alimjibu kichwani kwa tusi jipya, na hakuna tusi lililotosha.

Jumatano jioni aliiwasha mara ya arobaini au ya hamsini. Kikaushio kikatetemeka kidogo, kikapata kasi, kikatulia. Jolán akaweka glasi ya maji juu ya kifuniko. Maji hayakumwagika. Akakaa chini palepale kwenye saruji, akalia kwa hasira, maana hata furaha kwake ilikuwa inatokea mlango huohuo.

Kesho yake Rozália aliamka mapema kuliko kuku. Alijaza mashine kwa ndoo ndogo ndogo, akajifungia jiko la nje na kitasa akakibana kwa kiti. Jolán alibisha.

"Mama, nikusaidie."

"Niache."

"Usipange nguo upande mmoja! Zisambaze, halafu kile kifuniko cha mpira juu yake..."

"Nilikuwa nafua wewe hujavunja ungo. Niache."

Saa nne muuguzi akafika kwa baiskeli, binti mdogo aitwaye Emőke, na nyuma yake Ottó na gari lake na bahasha yake ya fomu za nyumba ya wazee. Kaka na dada hawakusalimiana. Uwanjani kamba mbili zilikuwa zimejaa: mashuka manne, nguo za kulalia, taulo, nguo za ndani, vyote vyeupe, na chini yake saruji ilikuwa kavu.

"Shikamoo, bibi," Emőke akasema Rozália alipotoka, akiurudisha mlango nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu."

"Nani amefua yote haya?"

"Kwani mwenye nyumba ni nani?"

Emőke akacheka. Akashika shuka, akalinusa bila kujificha, akaingia ndani, akafungua kabati, akatazama chini ya kitanda na ndani ya oveni. Kisha akakaa kwenye kiti cha uwanjani akaandika. Jolán alisimama nyuma yake akisoma kila neno juu ya bega. *Anajihudumia. Haja ya kuhamishwa haipo.*

"Itazamwe tena mwaka ujao," alisema Emőke, akapanda baiskeli.

Ottó alibaki na bahasha mkononi. Jolán alikuwa ameandaa maneno kwa siku tisa, maneno makali, ya kumfuata mpaka kaburini. Lakini kabla hajafungua mdomo, Rozália akamwita kijana wake, akamtengeneza kola, akampa chupa ya jamu ya plamu.

"Endesha polepole," alimwambia. Ottó akaondoka.

"Jamu, Mama? Jamu?" Jolán akafoka. "Huyu anataka kukutoa nyumbani kwako, wewe unampa jamu! Na mimi niliyeungua mikono?" Akainyoosha. Kweli ilikuwa na malengelenge.

"Nimeiona. Ahsante. Ngoma inazunguka vizuri." Rozália akageuka kurudi jiko la nje. "Bado kuna mkupuo mmoja."

Jolán akamfuata, akafika naye mlangoni. Rozália akasimama katikati ya mlango, mkono mmoja kwenye fremu. Alikuwa mwanamke mfupi, kichwa chake kilimfikia bintiye kifuani, lakini hapakuwa na pa kupita.

"Kaa nje."

"Mama, ni mimi! Ottó ameshakwenda. Ndoo nzito, nikubebee."

"Kaa nje, Jolán."

"Kwa nini? Kwa nini mimi? Nimekufanya nini?"

Rozália akakaza mkono kwenye fremu.

"Ulisema 'tena'," alisema.

"Nini?"

"Mwaka juzi, Februari. Ulikuja Jumamosi kuchukua nguo. Ulifungua mfuko hapo mezani, ukatoa shuka, ukageuza uso, ukasema, 'Tena, Mama?' Halafu ukaenda kunawa mikono kabla hujavaa koti."

Jolán hakukumbuka. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote, alitafuta siku hiyo kichwani mwake na hakuiona. Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine, pengine alikuwa amechoka, pengine basi lilichelewa. Hasira ikampanda kama kawaida yake, ikatafuta mtu wa kumwangukia, na uwanjani hapakuwa na mwingine ila yeye.

"Ottó hakuniudhi," alisema Rozália. "Ottó anataka nyumba. Nyumba ni matofali. Lakini wewe nilikuzaa, nikakufulia nepi miaka mitatu, mchana na usiku, na sikuwahi kukwambia 'tena'."

"Mama..."

"Ngoja hapo."

Mlango ukafungwa, kiti kikaburutwa. Ndani kikaushio kikaanza kuzunguka, kikapata kasi, kikatulia kabisa. Jolán alisimama na mikono yake yenye malengelenge ikining'inia. Alitaka kuupiga teke mlango. Alitaka kupiga magoti. Hakufanya lolote, na machozi yaliyomtoka safari hii hayakuwa ya hasira, au kama yalikuwa ya hasira, alijua zinamwelekea nani.

Kikaushio kikasimama. Mlango ukafunguka upana wa mkono mmoja, na ndoo ya maji machafu ikasukumwa nje.

"Kamwage," alisema mama yake. "Na usiyatazame."

Jolán akaichukua ndoo kwa mikono miwili, akaenda nayo mpaka mwisho wa bustani, akayamwaga chini ya mti wa plamu, uso ameugeuzia upande wa barabara.